Mvulana Anapoota Matiti



Kati ya barua za juma hili imo moja isiyo na jina, imeandikwa kwa penseli, ikasukumwa chini ya mlango wa ofisi. Mwandishi ni mama. Asema ana mwana wa miaka 14, naye tangu Pasaka hataki tena kucheza mpira, hataki kuoga pamoja na wenzake, na hata siku za jua kali huvaa sweta. Mama alipombana sana kijana akafunua kifua, naye akaona matiti yameota, la kushoto kubwa kuliko la kulia. Shangazi wa mtoto asema amerogwa. Jirani asema yuko mzee ng'ambo ya mto ajuaye kuyachoma kwa chuma cha moto. Mjomba, ambaye amepata kukaa mjini, asema apelekwe hospitali akakatwe mara moja. Mama auliza, nimsikilize nani?

Mama, watu hao watatu hawakukosa kwa kadiri moja. Shangazi na jirani wamekosa kabisa. Mjomba yu karibu na kweli, ila ana haraka, na katika jambo hili haraka yaweza kumletea mtoto kovu asilokuwa na haja nalo. Mimi ni karani wa parokia, si mganga. Haya ninayoandika nimeyasoma na kuyauliza kwa wenye kazi yao, na bado yakupasa kumpeleka mtoto akaonwe.

Kwanza tujue kifua cha mwanamume kina nini. Kila mtoto, wa kiume na wa kike, huzaliwa na nyama kidogo ya titi nyuma ya chuchu. Tena kila mwili, wa baba na wa mama, una homoni ya kiume na homoni ya kike, ila kwa vipimo mbalimbali. Ile ya kike huliambia titi likue, na ile ya kiume hulizuia. Mizani ikikaa sawa, titi la mwanamume hulala usingizi maisha yake yote. Mizani ikiinama, hata kwa muda mfupi, titi huamka.

Nao uko wakati ambapo mizani huinama pasipo ugonjwa wo wote. Mtoto mchanga amekaa miezi tisa katika homoni za mama yake, basi watoto wengi, hata wa kiume, huzaliwa na matiti yaliyovimba kidogo, na wengine hutoa maji meupe. Wako wazee wanaowaambia akina mama wayakamue. Msiyakamue! Kukamua huingiza vijidudu, na titi la mtoto hutunga usaha. Likiachwa hunywea lenyewe.

Wakati mwingine ni huu wa kubalehe. Mwili wa kijana unapoanza kutengeneza homoni zake, hauanzi kwa utaratibu kama saa ya mnara. Huanza kwa kuyumba. Ile ya kike yaweza kutangulia kidogo, na ya kiume ikafuata baadaye. Katika muda huo karibu nusu ya wavulana wote huota kijititi, hasa wakiwa na miaka 13 au 14. Wengine hupata upande mmoja tu, wengine pande mbili zisizolingana, na aghalabu huuma ukigusa. Walio wengi huona limenywea lenyewe kati ya miezi sita na miaka miwili. Wachache, labda mmoja katika kumi wa hao walioota, hubaki nalo hata wanapofika miaka 17 na zaidi.

Fikirini basi darasa la wavulana 40. Kama 20 wamepita hapo, au wanapita, au watapita, yule anayechekwa hana ajabu yo yote kuliko wale wanaomcheka. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa mengi juu ya namna ya kushika chaki na kupanga madawati, lakini juu ya jambo hili hatukuambiwa neno. Nami nawaomba walimu wa michezo waiache ile desturi ya kugawa timu mbili kwa kusema hawa wavae mashati na hawa wavue. Vitambaa vya rangi vya kufunga mkononi ni bei rahisi. Mtoto akitoroka kipindi cha michezo kila juma, msimchape kwanza. Mwulizeni kwa siri.

Hata hivyo si kila kifua kilichojaa ni cha kubalehe. Wengine ni mafuta tu, kwa kuwa mwili wote umenenepa. Daktari humlaza mtu chali, kisha kwa kidole gumba na cha shahada husogea kutoka pande mbili kuelekea chuchu. Kama ni tezi, vidole hukutana na kitu kama kifungo cha mpira nyuma ya chuchu. Kama ni mafuta, hukutana na ulaini mtupu. Lakini mafuta nayo hayana haki kabisa katika kesi hii, maana ndani yake homoni ya kiume hugeuzwa kuwa ya kike, na kwa hiyo mtu mnene sana aweza kuwa na vyote viwili.

Na watu wazima je? Hapa lazima tuulize maswali mengi kabla ya kutaja kisu. Pombe ya miaka mingi ikiisha kuharibu ini, mwili hushindwa kuondoa homoni ya kike, na matiti huota. Figo zikichoka, kadhalika. Ukoma usipotibiwa huweza kuingia katika korodani na kuziharibu, ndiyo sababu madaktari wa zamani waliona matiti kwa wagonjwa wengi wa ukoma. Uvimbe wa korodani, hata mdogo usiouma, waweza kutoa homoni inayoamsha titi, na mara nyingine titi ndilo humtangulia mwenziwe kutoa habari. Kwa hiyo kijana akipimwa kifua, daktari akamwambia avue na suruali, asione amedharauliwa. Tena wako wavulana wanaozaliwa na namna iitwayo Klinefelter, iliyoelezwa na madaktari wa Marekani mwaka 1942. Ni mmoja katika 500 hata 1,000, nao huwa warefu, wenye korodani ndogo, na wengi wao huota matiti.

Njaa pia inaleta, au tuseme kupona kwa njaa. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, wanaume waliotoka katika kambi za wafungwa, mifupa mitupu, walipoanza kulishwa vizuri wengi waliota matiti. Walishtuka sana. Sababu ni kwamba mwili uliokuwa umezima kazi ya korodani kwa ajili ya njaa uliianza tena upya, kama kubalehe mara ya pili, na baada ya miezi kadhaa mambo yakatulia.

Halafu ziko dawa. Spironolaktoni wanayopewa wenye moyo mgonjwa au tumbo lililojaa maji, simetidini ya vidonda vya tumbo, vidonge vya ketokonazoli vya fangasi, dawa za kansa ya tezi dume, zote zaweza kuotesha matiti. Na vijana wanaonyanyua vyuma, wakajidunga homoni ya kiume ili wapate vifua vipana, hao huvuna wasichokipanda, kwa maana mwili ukizidiwa na homoni hiyo hugeuza sehemu yake kuwa ya kike.

Juu ya dawa ningependa kukaa kidogo, maana hapa watu hufa kwa aibu. Efavirenzi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwamo katika vidonge vya walio wengi wenye virusi vya UKIMWI katika nchi zetu, hujulikana kuwa yaweza kuotesha matiti kwa mwanamume. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegraviri iwe dawa ya kwanza mahali pake, na wengi wamehamishiwa huko. Lakini baba aliyeota matiti katika miaka ile aliogopa mambo mawili: kuchekwa, na watu kujua anatumia dawa gani. Wengine huacha vidonge kimyakimya, wasimwambie hata mke. Ndugu yangu, ukiwa ni mmoja wao, usiache hata kidonge kimoja. Nenda kliniki, mwonyeshe daktari kifua chako, naye ataweza kukubadilishia. Titi laweza kunywea baada ya miezi kadhaa, na lisiponywea liko la kufanya. Virusi vikipata nafasi havina subira hiyo.

Na kansa. Mwanamume hupata kansa ya titi, ingawa ni mmoja tu au pungufu katika kila wagonjwa mia wa kansa hiyo. Kwa kuwa ni haba, hakuna anayeifikiri, na wanaume huja hospitali imekwisha kwenda mbali. Tezi la kawaida huwa nyuma kabisa ya chuchu, laini kama mpira, nalo husogea. Uvimbe ulio mgumu kama jiwe, ulio kando ya chuchu, ulioshikamana na ngozi au nyama ya kifua, chuchu iliyovutwa ndani au inayotoa damu, kidonda kisichopona, mtoki kwapani: mwanamume akiona hata kimojawapo, hasa aliyepita miaka 50, asingoje mavuno wala ada za shule. Aende juma hilo hilo.

Sasa tuje kwenye kisu, ambacho mjomba alikitaja.

Watu hudhani upasuaji huu ni anasa ya siku hizi. Sivyo. Paulo wa Aegina, mganga Mgiriki aliyefanya kazi Alexandria katika karne ya 7, aliuandika katika kitabu chake cha sita, kile cha upasuaji. Alikwisha kuona kwamba vifua vya wavulana huvimba wakati wa kubalehe na walio wengi hurudi, ila wachache huendelea kukua kwa mafuta yaliyo chini. Kwa hao aliona yafaa kupasua, kwa sababu ya aibu ambayo jambo hilo humletea mwanamume. Alikata mkato wa umbo la mwezi mchanga chini ya titi, akatoa mafuta, akashona. Likiwa kubwa mno la kulegea, alikata miezi miwili yenye kukutana ncha, akaondoa ngozi iliyozidi. Waarabu walivitafsiri vitabu vyake, na karibu na mwaka 1000 al-Zahrawi wa Cordoba, mpasuaji mashuhuri, akaeleza kazi hiyo hiyo. Nawaza juu ya wale vijana waliolazwa mbele yao bila dawa ya usingizi kama hii yetu. Aibu ilikuwa kali kuliko kisu, hata wakakubali.

Kovu la Paulo lilikuwa wazi kifuani. Mwaka 1946 Jerome Webster wa New York alieleza namna ya kulificha: kukata nusu duara kwenye ukingo wa chini wa kile kiduara cheusi kilichozunguka chuchu, pale rangi mbili za ngozi zinapokutana. Hata leo njia hiyo ndiyo inayofuatwa na wengi. Kwa mkato huo mdogo daktari huingia, akaitenga tezi na ngozi kwa juu na nyama ya kifua kwa chini, akaitoa. Haitoi yote. Huacha kipande chembamba nyuma ya chuchu, maana akikikomba chote chuchu hudidimia na kifua hubaki na shimo kama kisahani, na tena chuchu yaweza kukosa damu ikafa. Hapo ndipo ujuzi wa mtu hujulikana.

Tangu miaka ya 1980 wengine hutumia pia mrija mwembamba wa chuma, unaoingizwa katika tundu dogo na kufyonza mafuta. Ni njia nzuri kwa kifua chenye mafuta mengi, na kovu lake ni kama la ndui. Lakini ile tezi ngumu ya katikati haifyonzeki kwa urahisi, basi aghalabu hufanya vyote viwili, kufyonza pembeni na kukata katikati. Kwa kifua kikubwa sana chenye ngozi ya kulegea hakuna budi kupunguza ngozi, na hapo kovu huwa refu. Daktari asiyekuambia hivyo mapema amekuficha.

Basi kwa nini nasema mjomba ana haraka? Kwa sababu kijana wa miaka 14 ana matumaini makubwa kwamba litanywea lenyewe, na ukikata kabla homoni hazijatulia laweza kuota tena. Kawaida madaktari humpima, wakamchunguza korodani, wakauliza dawa na vyakula, wakapima damu ikibidi, kisha wakamwambia arudi baada ya miezi sita. Titi likiwa changa, jipya, lenye kuuma, iko dawa iitwayo tamoksifeni ambayo daktari aweza kumpa kwa miezi michache, nayo huwasaidia wengi. Lakini ni dawa ya kuandikiwa na daktari, si ya kununua dukani kwa kusikia. Likipita mwaka mzima, nyama ile hugeuka kuwa nyuzi ngumu kama kovu, na dawa haifui dafu tena. Hapo ndipo kisu hupata haki yake: titi lililodumu miaka miwili au zaidi, kijana amekwisha kukua, karibu na miaka 18, sababu nyingine zimetafutwa hazikuonekana, naye mwenyewe anataka. Wako wanaopasuliwa mapema zaidi, titi likiwa kubwa kupita kiasi au mtoto akiwa amevunjika moyo hata ameacha shule. Hilo ni la daktari na wazazi kulipima, na mtoto aulizwe.

Mama, jambo la mzee wa ng'ambo ya mto nimelichelewesha makusudi, maana linanichoma. Chuma cha moto huunguza ngozi. Tezi iliyo chini hubaki vile vile. Mtoto hurudi na titi lake, na juu yake kidonda, na baada ya kidonda kovu la kuvimba ambalo haliondoki. Pepopunda huingia kwa njia hiyo. Na chale za wembe mmoja kwa watoto wengi huambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Msimpeleke.

Akifika siku ya kupasuliwa kweli, yako mambo ya kujua. Upasuaji wenyewe aghalabu huchukua saa moja au mbili, kwa dawa ya usingizi. Asile wala kunywa kwa muda atakaoambiwa, na shangazi asimpe uji kwa siri kwa kumhurumia. Uji huo waweza kupanda ukaingia mapafuni. Wengine huwekewa mpira mwembamba wa kutolea damu kwa siku moja au mbili. Huvalishwa fulana ya kubana, au hufungwa bendeji pana, kwa majuma manne hata sita. Muda wa karibu mwezi asibebe maji, asilime, asipasue kuni, na mpira asiucheze mpaka daktari amruhusu. Uvimbe hushuka polepole, na umbo la kweli la kifua halionekani mpaka baada ya miezi kadhaa. Chuchu yaweza kufa ganzi kwa muda.

Hatari inayotokea mara nyingi kuliko nyingine ni damu kukusanyika chini ya ngozi, hasa siku ile ya kwanza. Upande mmoja ukivimba ghafula, ukakaza na kuuma sana, arudishwe hospitali usiku huo huo. Na kama katika ukoo wenu watu huota makovu ya kuvimba, mwambieni daktari kabla, maana kifua ni mahali makovu hayo hupapenda.

Waanzie zahanati, wapate barua ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Kazi hii yahitaji daktari wa upasuaji, nao wako katika hospitali za rufaa kama Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi na Muhimbili ya Dar es Salaam. Ulizeni gharama mapema, pia mwulize wenye bima, kwa maana bima yaweza kuuhesabu upasuaji huu kuwa wa urembo ikakataa kulipa. Barua ya daktari inayoeleza maumivu na masumbuko ya mtoto yaweza kusaidia.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hulisahau. Nyama iliyotolewa hutiwa katika chupa yenye dawa na kupelekwa kwa mtaalamu aitazame kwa hadubini, ili ijulikane kwa hakika kwamba ni tezi tupu. Majibu hayatoki siku ile. Hungoja, na karatasi zisizofuatwa hukaa kabatini. Siku mtoto anapokwenda kutolewa nyuzi, baba au mama aende naye, aulize kwa sauti: majibu ya chupa yamekuja? Kama hayajaja, aandikiwe tarehe ya kuyafuata.